Kilo Sitini na Moja za Kupeleka Siros

Kosa nalikiri hapa mwanzo ili lisinisumbue mbele: hadithi hii mara ya kwanza niliisimulia harusini, na niliisimulia kwa kuchekesha. Ilikuwa Al Khoudh, huku Maskati, wanaume tumekaa tunangoja wali, watu wamechoka, na kazi yangu mimi siku zote ni kuwatoa watu uchovu. Nikaanza: bibi mmoja wa Kizanzibari, kilo sitini na moja za halwa na papa mkavu, na Wagiriki. Watu wakaangua vicheko. Mmoja akapaliwa na kahawa. Hapo ndipo nilipomwona Mahfoudh, muuza tiketi, amekaa karibu na nguzo, kikombe mkononi, anacheka na yeye, lakini kwa adabu tu, macho yapo pengine. Mkasa nilikuwa nimeupata bila jina la mwenyewe, kumbe ni wa kwao. Tulipotoka akanisindikiza mpaka garini, akasema, "Umeisimulia vizuri, lakini umeisimulia nusu."

Hii ndiyo nzima, kama alivyonipa. Nikichekesha pahala mnisamehe, ulimi wangu haujui njia nyingine.

Mahfoudh ana miaka khamsini na nne, na diploma ya utalii aliyoitia fremu akaitundika nyuma ya kiti chake, makusudi, ili mteja akimtazama yeye aione na hiyo. Ofisi yake ya tiketi ipo sokoni Matrah, juu ya duka la vitambaa, na ukipanda ngazi zake unafika juu unanukia ubani hata kama hukutaka. Kazi yake kubwa kwa miaka kumi na moja ni kuwauzia maharusi wa Kiomani visiwa vya Ugiriki. Wenzake sokoni wamempa jina, wanamwita Mgiriki. Ugiriki kwenyewe hajapata kutia mguu. Ukimtania kwa hilo anakujibu, "Muuza sanda si lazima awe amekufa."

Lakini visiwa alivijua. Alijua meli gani inatia nanga wapi na saa ngapi, ndege ipi ni kubwa na ipi ni ndogo ya pangaboi ambayo ukikaa siti ya nyuma unamsikia rubani anakohoa. Alikuwa akiwapangia watu safari kama mtu anayetunga shada: Athens mpaka Mikonos kwa ndege, Mikonos mpaka Paros kwa meli, Paros mpaka Santorini kwa meli, Santorini kurudi Athens kwa ndege. Na alikuwa na kanuni moja. Kila bwana harusi aliipata, kwa Kiarabu au kwa Kiswahili, Mahfoudh ameinamia meza kama anampa siri ya ndoa.

"Meli za kule nzuri," akisema. "Zina mkahawa, zina mpaka ngazi za umeme. Ila hazina ahadi. Mwezi wa nane upepo wa kaskazini ukija, bandari zinafungwa, siku moja, mbili, tatu, hutoki. Kwa hivyo meli unaiweka siku unayoweza kuipoteza. Siku usiyoweza kuipoteza, unapanda ndege."

Miaka kumi na moja, hajapata kurudi mtu hata mmoja kumlalamikia.

Sasa, Mahfoudh alikuwa na ami yake kule kule Ugiriki, ndugu wa marehemu baba yake, jina lake Marhoon. Mwaka wa sabini na nne, watu wa kwao wakitafuta njia ya kutoka Unguja, Marhoon alikuwa na miaka ishirini na mbili. Akapenya mpaka Mombasa, akapanda meli ya mizigo ya Wagiriki kwa kitabu cha ubaharia chenye jina la mtu mwingine. Wengine wote wakaja Maskati. Yeye akateremkia Siros, kisiwa kinachotengenezewa meli, akawa anakwangua kutu na kupaka rangi. Alikwangua miaka arubaini. Miaka mingi aliona haya kuja Maskati kwa jina lisilokuwa lake, na jina lake lilipomrudia kwenye pasipoti, keshazoea kusema mwakani. Kila Ijumaa baada ya sala akizungumza kwa simu na dada yake mkubwa, Mahbuba, shangazi yake Mahfoudh, na kila Ijumaa wakiagana hivyo hivyo: mwakani, inshallah. Ilikuwa miaka khamsini ya mwakani.

Mwezi wa saba Marhoon akalazwa. Mapafu. Mahfoudh ndiye mwenye Kiingereza cha kuzungumza na daktari, na daktari hakuzunguka: si suala la miezi, alisema, ni wiki. Mahfoudh akampelekea shangazi yake habari hiyo imefungwa kwenye pamba. "Tusichelewe, shangazi," alisema. Mahbuba ana miaka sabini na tano na magoti yaliyokwisha, lakini kwa akili humpati. Alimtazama kidogo, akamwambia, "Nitafutie visa."

Visa ilitoka. Akaenda kusindikizwa na mjukuu wake, Wijdan, msichana wa miaka ishirini na tatu, mwepesi wa simu na mvumilivu wa bibi yake, na katika safari ya namna hii hayo mawili yanatosha.

Ijumaa ya kabla ya safari walikusanyika kwa Mahbuba, Al Hail. Simu ikapigwa, ikawekwa juu ya sinia la tende, spika wazi.

"Nani mwenzangu?" Sauti ya Marhoon ilikuwa nyembamba, inasimama kupumzika kila baada ya maneno mawili.

"Mie Mahbuba. Visa nimepata. Nnakuja, Alkhamisi."

"Njoo." Akavuta pumzi. "Lakini skiza, Da Mahbuba. Usiniletee kitu."

"Haya."

"Nnasema kweli. Siwezi kula. Hata maji nnapewa kwa pamba. Njoo mikono mitupu. Njoo wewe tu, njoo upesi."

"Haya, nimesikia. Pumzika."

Simu ikakatwa. Mahbuba akafuta macho kwa ncha ya mtandio, kisha akacheka. "Mnamsikia? Miaka khamsini na Wagiriki, na adabu haijamtoka."

Wote wakacheka. Hata Nasriya, mke wa Mahfoudh, ambaye hacheki ovyo. Kwani kwetu sisi mtu anayekwambia usilete kitu si ndiye wa kumletea? Tumelelewa hivyo. Mgeni akiulizwa kama kashiba husema kashiba na njaa inamwuma, na mwenye nyumba humpakulia tena. Mgonjwa husema sitaki kitu, nawe humwendea na kikapu. Asiyefanya hivyo hana wazee. Katika chumba kile hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba mtu anaweza kusema jambo na akakusudia lile lile alilolisema. Marhoon alikuwa ameishi miaka khamsini na watu wanaokusudia. Neno lake lilikuwa limeshakuwa la huko.

Mahfoudh alilisikia lile "upesi". Aliniambia mwenyewe, alilisikia vizuri.

Mizigo ikaanza kuingia Jumamosi. Mutasim, binamu anayefanya kazi kiwandani Rusayl, alileta makasha manne ya halwa, ya moto bado, kayashika kifuani kama watoto wachanga. Nadra, jirani wa ukutani, alileta papa mkavu, kamfunga magazeti matatu na mifuko miwili na bado alinuka mpaka mtaa wa pili. Zikaja tende, visheti, achari ya embe, ubani, dumu la zamzam, kofia mbili za kiua, kikoi, na mswala. Mtu mmoja alileta mafuta ya kukandia miguu. Mahfoudh akawatania, "Jamani, mnampelekea mgonjwa au mnafungua duka?" Wakacheka, wakaongeza. Na yeye mwenyewe jioni ile akaja na furushi lake: joho la marehemu baba yake, zito, la sufu, ili ami yake alivae walau mara moja, anukie nyumbani. Lilikuwa na kilo nne.

Jumanne asubuhi Mahfoudh alikuwa ofisini, kiyoyozi kinakoroma, na kwenye kompyuta mbele yake viti viwili vya ndege ndogo ya kutoka Athens kwenda Siros, Alkhamisi saa kumi alasiri. Shangazi na mjukuu wangefika Athens adhuhuri kupitia Doha, wangengoja muda wa saa tatu uwanjani, na saa kumi na moja wangekuwa kando ya kitanda. Viti alivishikilia mpaka saa sita mchana. Kuthibitisha ni kubonyeza mara moja tu.

Simu ikalia.

"Mahfoudh, mwanangu. Ndege hiyo ya kwenda kisiwani inachukua nini?"

"Shikamoo, shangazi. Kilo kumi na tano kila mtu. Na mkoba wa mkononi usiozidi kichwa cha paka."

"Marahaba. Thalathini, basi. Na hapa ipo sitini na moja, Nasriya kapima, kapima mara mbili."

"Za ziada nimewauliza, hawataki. Ndege hiyo, shangazi, wanaogopa hata mtu mnene. Punguza."

"Nipunguze nini?" Alikuwa hagombi, alikuwa anauliza kweli. "Halwa ya Mutasim? Kaja nayo kutoka Rusayl na jua lile, kanikabidhi mkononi. Nimwambie amana yako nimeiacha jikoni? Au papa wa Nadra? Au hili joho lako?"

Mahfoudh akavitazama vile viti viwili kwenye kioo.

"Mwanangu, mkono mtupu haulambwi. Nikamwone ndugu yangu baada ya miaka khamsini, mikono inaning'inia? Nimsalimie na nini?" Halafu akauliza, "Meli je? Meli inapima?"

"Meli haipimi."

"Si ndo hiyo."

"Meli ni asubuhi ya pili yake, shangazi. Ijumaa, saa moja na nusu. Itabidi ulale Athens."

"Miaka khamsini nimelala. Usiku mmoja utanifanya nini?"

Hapo ndipo kanuni yake ilipokuja mpaka kwenye meno. Siku usiyoweza kuipoteza. Aliwaambia mabwana harusi waliokuwa wanakwenda kupiga picha na kula pweza, na asimwambie shangazi yake anayekwenda kumwona mtu anayekufa? Lakini kumwambia kulikuwa ni kumwambia na lile alilolificha kwenye pamba, kwamba wiki za daktari zilikuwa zimeshakuwa siku. Na kulikuwa ni kumwambia toa joho langu, na mwenyewe alikuwa anapenda liende. Akatazama utabiri. Upepo ulikuwa mdogo. Akatazama saa, saa sita kasoro dakika nane.

"Haya, shangazi," akasema. "Meli."

Viti viwili akaviachia. Vilibadilika rangi kwenye kioo, kutoka njano kuwa kijani, vikawa vya mtu yeyote.

Chakula cha mchana Nasriya akamwuliza, "Kwani ndege haikuwepo?"

"Ipo. Ndogo, inatikisika. Shangazi atatapika."

Nasriya akamtazama, akamwongezea mchuzi.

Alkhamisi saa saba Wijdan akatuma picha kutoka Athens: bibi yake kakaa juu ya toroli, buibui limetanda, masanduku matatu nyuma yake, dumu la zamzam mapajani kama mjukuu mwingine. Mahfoudh akacheka peke yake. Akawaonyesha wenye duka la vitambaa, nao wakacheka. Saa kumi ya kule akafungua kompyuta, bila sababu, akaiona ile ndege ndogo ikiruka. Ilikwenda na viti tisa vitupu. Akaona na jambo la pili: utabiri ulikuwa umebadilika, na ile mishale midogo inayoonyesha upepo, iliyokuwa samawati asubuhi, imekuwa myekundu kutoka Athens mpaka Paros.

Ijumaa Matrah imefungwa. Mahfoudh alikwenda hivyo hivyo, akafungua ofisi, akakaa na kanzu ya sala na kikombe cha chai kilichopoa. Saa mbili na nusu ya Maskati ni saa moja na nusu ya kule. Saa mbili na robo ikaingia sauti ya Wijdan, na nyuma yake mvumo kama mtu anachana shuka.

"Mjomba, wamefunga mnyororo getini. Watu wamekaa juu ya masanduku yao. Nimemwuliza mlinzi, anaonyesha juu tu na kutikisa kichwa."

Akapiga. Mahbuba akachukua simu mwenyewe.

"Mahfoudh, meli ipo. Naiona, kubwa kama jumba. Mbona haiendi?"

"Upepo, shangazi."

"Upepo gani, na jua linawaka? Hakuna hata wingu."

"Ndo upepo wao ulivyo. Unakuja na jua."

"Mpaka saa ngapi?"

"Hawajasema."

Mahbuba akaguna. "Mwambie Marhoon nimechelewa kidogo. Mwambie nipo karibu."

Mahfoudh akageukia ndege. Ya Ijumaa imejaa. Ya Jumamosi imejaa. Ya Jumapili imejaa, na wanaosubiri ni kumi na wanne. Watu wote wa meli zote, waliokwama kwenye magati yote, walikuwa wameshakimbilia viti vile vile, na wamekimbia alfajiri, wakati yeye yupo msikitini anaomba upepo utulie. Akapiga hospitali. Nesi akasema mgonjwa anauliza. Anauliza nini? Anauliza kama kuna mtu mlangoni.

Jumamosi bandari haikufunguliwa. Saa nne Mahfoudh akaona viti viwili vya kwenda Mikonos, na akili ikamwenda mbio. Mikonos na Siros zinatazamana, meli ni saa moja tu, na upepo ukilegea, za karibu ndizo zitakazotangulia kutoka. Tena ndege haijali upepo wa namna hiyo. Aliona amepata ufunguo. Akapiga simu hotelini kwao.

"Shangazi, nakurusha Mikonos. Ila ndege yake na hiyo ni ndogo. Mizigo..."

"Mizigo ikae," akasema Mahbuba. "Nipeleke."

Hakubishana hata neno moja. Mahfoudh aliniambia alikuwa amejitayarisha kubembeleza, maneno keshayapanga, na hilo "ikae" lilimwingia kuliko kama angemtukana. Jumanne halikuwezekana, na Jumamosi liliwezekana kwa pumzi moja. Halwa, papa, dumu, joho, vyote vikabaki kwenye chumba cha hoteli Piraeus, bandarini kwa Athens, na mfanyakazi wa mapokezi akiuliza ile harufu ni ya nini.

Wakaruka saa sita. Saa sita na robo Mahfoudh, ambaye alikuwa hajabanduka kitini, akaona kwenye kioo ndege ya Siros ya saa kumi, kutoka Athens, imerudisha viti viwili. Watu wawili wameghairi. Viti viwili vya kijani, ubavu kwa ubavu, na waliostahili kuvikalia wapo hewani wanakwenda kisiwa kingine. Kutoka Mikonos kurudi Athens hakukuwa na kiti mpaka Jumatatu. Akavitazama mpaka vikachukuliwa. Haikupita dakika tatu. Hilo mpaka leo hajamwambia shangazi yake, na akaniomba nikilisimulia nisilisimulie mbele ya watu wa Al Hail.

Alasiri Wijdan akapiga simu ya picha kutoka gatini Mikonos. Mahbuba kakaa kwenye kibao cha saruji, buibui linapigwa na upepo mpaka limekuwa tanga, mkono mmoja kichwani anashikilia mtandio. Mjukuu akageuza simu kuelekea baharini. Maji meupe kwa povu, na ng'ambo yake mlima wa kijivu, na ubavuni mwa mlima kitu cheupe kama chumvi iliyomwagika.

"Wijdan anasema ile ndo Siros," Mahbuba akasema. "Zile nyeupe ndo nyumba."

"Ndiyo, shangazi."

"Mbona karibu hivi?"

"Karibu. Saa moja."

"Mashua je? Mtu mmoja mwenye mashua?"

"Hawatoki. Wakitoka wanakamatwa."

Mahbuba akaitazama tena Siros. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Yeye dirisha lake linatazama upande gani?"

Mahfoudh anavijua visiwa vile vyote, meli na ndege na saa zake. Hilo hakulijua. Akasema linatazama baharini.

"Basi nitakaa hapa hapa," Mahbuba akasema.

Na alikaa. Wijdan alimletea maji, alimletea mkate, akamwekea mkoba mgongoni. Watalii walipita wamevaa kaptura, wakimtazama, mmoja akampiga picha.

Jumapili ofisi ilifunguliwa, na kazi haingoji msiba wa mtu. Saa tisa alasiri walikuwapo mbele ya Mahfoudh maharusi wawili wa Kiomani, Safwan na Noof, ndoa yao ya mwezi ujao, ramani ya visiwa imetandazwa mezani. Wanataka Santorini, hilo wameafikiana. Bibi harusi anataka na Paros, bwana harusi anataka Mikonos, na kila mmoja anamtazama Mahfoudh amsaidie kumshinda mwenzake. Mahfoudh alikuwa keshasoma utabiri mara arubaini tangu alfajiri. Upepo unatulia Jumatatu asubuhi. Meli ya kwanza kutoka Mikonos saa mbili.

Simu ikatikisika juu ya ramani. Namba ya hospitali.

"Ndugu wa Marhoon?" Nesi alizungumza Kiingereza taratibu, mtu wa kazi yake. "Dada yake amefika wapi?"

"Yupo Mikonos. Kesho asubuhi."

Nesi akashusha sauti. "Hasemi tena," alisema. "Lakini mara nyingi masikio ni ya mwisho. Kama upo tayari, nakuweka sikioni kwake. Sina muda mrefu."

"Ngoja. Ngoja kidogo, nimwunganishe dada yake."

Akampigia Wijdan kwa simu ya pili. Ikalia mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mwanzo ikalia, halafu mwanamke wa mashine akazungumza Kigiriki. Chaji imekwisha, au upepo haumwachi asikie, au wamesimama wanasali. Bwana harusi akauliza kwa Kiarabu kama kuna tatizo. Mahfoudh akainua kiganja. Bibi harusi akaifunga kalamu aliyokuwa akizungushia Paros, akaiweka mezani polepole.

"Nimemwekea," nesi akasema kwa mbali.

Kilichosikika kwanza ni mashine ya pumzi. Halafu pumzi yenyewe, inayokuja kama mtu anayepanda ngazi za ofisi ile na mzigo. Nyuma yake kioo cha dirisha kinatetemeka, ule upepo ule ule.

"Ami," Mahfoudh akasema. "Assalam alaykum, ami. Ni mimi, Mahfoudh, mwana wa kaka yako."

Pumzi.

"Da Mahbuba yupo ng'ambo yako hapo. Yupo Mikonos, kakaa gatini, anakuona. Anaiona Siros yote. Kosa si lake, ami. Yeye alitaka kuja, mimi ndiye niliyempanga vibaya. Nilikuwa na viti mkononi."

Alikuwa hajamwambia mtu mwingine hilo kabla ya siku ile, na alilisema mbele ya wageni wawili wasiojua Kiswahili. Safwan alikuwa ameinamisha kichwa. Noof anamtazama mkono, kwa sababu mkono uliokuwa na ile simu nyingine bado ulikuwa unapiga, unapiga, bila yeye kuutazama.

"Wamesema upepo unatulia. Kesho saa mbili meli, saa tatu yupo mlangoni kwako. Ni usiku mmoja tu, ami."

Pumzi moja ikaja. Akaingoja ya pili, isije. Kioo cha dirisha kikatetemeka, kikaacha, kikatetemeka.

"Mngoje," Mahfoudh akasema. "Nakuomba, ami. Mpaka saa tatu. Sema naam, nimpelekee."